Ngurumo iliponyamaza, yalikuja meno

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Mbwa mkubwa akianza kuwangurumia watu wa nyumbani, akomeshwe vipi?" Neno hilo, akomeshwe, ndilo lililonifanya niandike. Mimi wangu nilimkomesha, na akakoma kweli. Miezi minne baadaye akamng'ata mwanangu mkononi bila kutoa hata sauti. Mtoto alishonwa nyuzi nne.

Alikuwa dume wa aina ya Rottweiler, miaka sita, kilo 48. Tulimlea tangu akiwa mdogo na hakuwahi kumtisha mtu. Kisha akaanza kunguruma mtu akimkaribia akiwa amelala, au akimgusa mgongo kuelekea mkiani. Nilimfokea. Nilimshika shingo nikambana chini, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa mbwa lazima ajue nani mkuu wa kundi. Kila aliponguruma aliadhibiwa, na taratibu ngurumo ikapotea. Tukashukuru kwamba ameshika adabu.

Kumbe kilichopotea ni onyo tu. Mbwa asiyetaka kuguswa huanza kwa ishara ndogo: anakakamaa, anageuza uso, analamba pua, anapiga mwayo ilhali hana usingizi, weupe wa jicho unajitokeza pembeni. Tusipomwelewa, ndipo ananguruma. Ukimwadhibu hapo, hofu au maumivu yanayomsumbua yanabaki palepale. Anachojifunza ni kwamba kuonya kunamponza. Siku nyingine haonyi.

Baada ya kisa kile, daktari wa mifugo alimpiga picha ya eksirei. Viungo vya nyonga vilikuwa vimelika. Mbwa wa aina kubwa huandamwa sana na tatizo hili: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye tundu lake, na kadiri miaka inavyokwenda kiungo kinavimba na kuuma. Yaani muda wote nilipokuwa nikimbana chini, nilikuwa nikimtonesha mgonjwa. Jambo hili bado linanichoma.

Kwa hiyo aliyeuliza swali aanzie kwa daktari, hasa ikiwa mbwa wake ni mtu mzima na amebadilika ghafla. Mbali na nyonga, aangaliwe masikio, meno, viwiko na tezi ya shingoni ya thairoidi. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa na wakati. Na akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeng'atwa aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mchubuko.

Habari ya mkuu wa kundi nayo niliifuatilia baadaye. Chimbuko lake ni uchunguzi wa Rudolf Schenkel wa mwaka 1947, uliohusu mbwamwitu waliofungiwa pamoja. L. David Mech, mtafiti aliyechangia kuieneza, aliandika mwaka 1999 kwamba porini kundi kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, si wanyama wanaopigania ukuu. Isitoshe, kwa nguvu utamshinda mbwa wa kilo 48 mara ngapi?

Anaponguruma, simama. Usimkazie macho. Geuka ubavu, ondoka polepole, mwachie nafasi. Wapo wanaosema ukirudi nyuma atajiona ameshinda. Mimi nasema hapo hapana shindano, kuna mnyama aliyeomba aachwe. Kisha andika: alikuwa wapi, nani alimkaribia, alikuwa na nini mdomoni, ilikuwa saa ngapi. Ukiandika wiki mbili tu, utaanza kuona kinachomkera, na kukiondoa mara nyingi ni kazi ndogo: kuhamisha malazi yake mahali pasipopitwa, kuweka kizuizi mlangoni, kuwakataza watoto kumsogelea akila au akilala.

Kama analinda chakula, tafadhali usimpokonye bakuli ili umzoeshe. Pita mbali, mahali ambapo bado ametulia, umrushie kipande kitamu kuliko kilichomo bakulini, uende zako. Punguza umbali hatua moja baada ya siku kadhaa, na ukiona amekakamaa, rudi nyuma. Hofu ya wageni hutibiwa kwa njia hiyohiyo. Wakati huo wote kifungo cha mdomoni cha umbo la kikapu kinasaidia, mradi kimwachie nafasi ya kuhema na kunywa maji, na azoeshwe kwa chakula kabla hakijahitajika. Lakini kama tayari ameshang'ata, usihangaike peke yako. Tafuta mkufunzi anayefundisha bila kipigo.

Wangu alipewa dawa za maumivu, akapunguzwa uzito, akatandikiwa godoro nene kwenye kona yake. Mwanangu, aliyekuwa na miaka 12, alichukua muda mrefu kumsogelea tena, nami sikumharakisha. Kwa karibu mwaka mzima hatukusikia ngurumo, nami kila nilipomwona amekaa kimya mtu akipita, moyo uliniruka.

Halafu jioni moja kijana akafuata mpira hadi karibu na godoro. Mbwa akanguruma, chini kwa chini. Mwanangu akasimama, akageuka ubavu, akarudi hatua tatu. Mbwa akalaza kichwa juu ya miguu yake. Niliketi sakafuni nikalia kwa furaha.