Lisemwalo Lipo, Lakini Liko Saa Ngapi?

Tangu niliposema hapa kwamba nimeishi Kisauni miaka 11 na sijaibiwa hata ndara, barua hazijakoma. (Nimeibiwa mara moja, simu, Mwembe Tayari, mchana kweupe.) Wengi wanauliza kuhusu mitaa ya Mombasa iliyokuwa na jina baya na sasa imepata ghorofa, kabro (matofali ya kutandika chini) na mabango ya "inapangishwa". Nimechagua sita.

Nimepata nyumba ya vyumba viwili Mishomoroni, huko Kisauni, ghorofa mpya, kabro mpaka mlangoni, elfu 15. Hapa Tudor nalipa 24. Dada zangu wasema nitarudi na kovu la panga. Nina watoto wawili, nafanya kazi hotelini na natoka saa nne za usiku. Niende?
*Mama Wawili, Tudor*

Dada zako hawajazua, mama. Vijana wa panga Kisauni ni kweli, na wengine wao ni watoto ambao hata kitambulisho hawajapata. Hutembea kundi zima, wakakata mtu kwa ajili ya simu ya kubonyeza. Polisi wakiwasaka hutawanyika, miezi ikapita, wakarudi kwa jina jingine. Asiyekwambia haya ana nyumba ya kukupangishia. Lisemwalo lipo. Kazi iliyobaki kwako ni kujua liko saa ngapi na liko uchochoro gani, kwa sababu Mishomoroni ni kubwa na usiku wake haufanani kila mahali.

Mwenye nyumba atakuita saa nne asubuhi, jua limewaka na kabro imefagiliwa. Nenda, ukaangalie mabomba. Kisha urudi peke yako saa ileile utakayokuwa ukitoka kazini, ushuke stejini kama mwenyeji na utembee mpaka getini. Tazama duka la mtaa: lafungwa saa ngapi? Mchana muuzaji yuko wazi kaunta au akupa mkate kupitia tundu la vyuma? Mwulize kinyozi, maana huyo hufunga usiku na hana la kukuuzia ila ndevu.

Mimi nilipokwenda kuangalia yangu, saa mbili unusu usiku palikuwa na mama akikaanga viazi karai chini ya taa ya mulika mwizi. Akaja mtoto wa kike, miaka minane hivi, na sahani ya plastiki. Akasubiri wake, akasema "ukwaju mwingi", akamwagiwa, akarudi nyumbani akitembea. Hakukimbia, wala hakutazama nyuma. Kesho yake nikatoa arubuni.

Lakini wewe una zamu ya usiku, na hapo ndipo penye hesabu. Waite madereva wa gari za kuitwa kwa programu ya simu siku tatu tofauti, saa nne na robo, uone wangapi watakubali na wangapi watafuta safari wakishaona uendako. Tuseme tuktuk ya usiku ni 250. Kwa siku 26 ni 6,500. Katika ile elfu tisa unayodhani umeiokoa, imebaki 2,500, na bado hujanunua maji.

Maji yetu hutoka mbali, Mzima na Baricho, na hufika kwa zamu pale yanapofika. Wapangaji hudhani tangi kubwa juu ya paa ni dalili ya maji. Ni dalili kwamba maji hayaji. Uliza wapangaji, usimwulize keateka, mtunza jengo: boza la maji huja mara ngapi kwa mwezi, na nani hulilipia? Kama wategemea kisima, fungua bomba uonje. Maji ya chumvi yatakula sabuni yako na sufuria zako, na chai haitakunyweka.

Hoteli nyingi za pwani zina gari la kuwarudisha wafanyakazi. Lenu likipita karibu na hapo, hamia. Lisipopita, mimi nisingehamia, na panga si sababu ya kwanza.

Mtaa wa Majengo wabadilika, maghorofa yaota kila pembe. Tumepata nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita kwa bei ambayo hata Kiembeni hupati kiwanja. Wazee wasema mtaa ule ni wa fujo. Tununue, tubomoe, tujenge?
*Ndugu Wawili, Ganjoni*

Fujo tutaifikia. Kwanza nijibuni: auza nyumba, au auza nyumba na ardhi?

Kwetu hapa hivyo ni vitu viwili. Mtu huweza kuwa na nyumba yake, kaijenga babu yake, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ua nyuma, baraza mbele, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mtu mwingine kabisa. Hiyo ndiyo nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi, hupewa risiti, na maisha huendelea hivyo miaka 50. Hati hana. Benki haimkopeshi. Akitaka kuinua ghorofa lazima mwenye ardhi aridhie, na mwenye ardhi huweza kuamka siku moja akaiuza kwa mtu asiyewajua. Bei mliyotajiwa yanukia hivyo, na mkiibomoa nyumba ile mtakuwa mmebomoa kitu pekee mlichonunua.

Basi ombeni risiti za kodi ya ardhi. Zikiwepo, jibu mnalo. Zisipokuwepo, fanyeni upekuzi katika ofisi ya ardhi mjue kiwanja ni cha nani, na kama huyo yu hai. Ardhi nyingi za kisiwani zimesajiliwa kwa majina ya marehemu, na warithi wametapakaa kutoka Lamu mpaka Muscat. Nimeshika kwa mikono yangu mkataba uliotiwa saini na ndugu mmoja kati ya saba. Wale sita walijitokeza msingi ulipokwisha kuchimbwa. Suala la mirathi kwa Waislamu huamuliwa na Mahakama ya Kadhi. Mwambieni muuzaji awaonyeshe uamuzi huo, si mjomba wa kushuhudia.

Ama fujo, wazee wenu wana kumbukumbu. Februari 2014 polisi walivamia Msikiti Musa hapo Majengo, damu ikamwagika, na kwa muda mrefu baadaye dereva wa tuktuk alikuwa akikushusha barabara kuu umalizie kwa miguu. Leo hupita ndani. Kakaeni barazani Alasiri mbili tatu, mnywe kahawa, mtasikia mtaa kwa midomo yake wenyewe.

Jambo moja hamkuliuliza. Vyumba sita huenda ni jamaa sita. Nani atawatoa, nyinyi au muuzaji, na kwa notisi ya muda gani? Liandikeni kabla ya kulipa. Majengo watu hujuana kwa mababu, na siku hiyo ya kutoa magodoro nje ndiyo mtakayotambulishwa nayo.

Nikiulizwa naishi wapi nasema "Nyali", mtaa wa matajiri. Naishi Kongowea, jirani yake. Ni dhambi?
*Nyali ya Juu*

Ni dhambi ndogo, na mawakala wa nyumba wameitenda kabla yako. Lakini kwa mtu wa ambulensi sema Kongowea.

Nahamishiwa kazi bandarini. Rafiki anihimiza ninunue Likoni sasa, kwa kuwa barabara ya Dongo Kundu imefunguliwa na bei zitapanda. Mama yangu anakumbuka 1997 na amekataa katakata.
*Mgeni Njiani, Nakuru*

Mama hakumbuki ndoto. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, vibanda vikachomwa, na waliolengwa walikuwa watu wa bara kama nyinyi. Maelfu walikimbilia kanisa la Katoliki hapo Likoni wakalala uwanjani. Usimwambie kwamba yamepita. Mwalike aje akae wiki moja kwa mtu wa kwenu aliyehamia, maana wapo wengi, na wengine hawakuondoka hata mwaka ule. Wao watamjibu vizuri kuliko mimi.

Swali langu kwako ni bandarini wapi. Kama ni upande wa Kipevu na una gari, Dongo Kundu yakufaa kweli: yazunguka kutoka pande za Miritini, yavuka maji kwa madaraja ya Mwache na Mteza, na kutokea Kibundani, hutakanyaga kisiwani. Kama ni Kilindini, barabara ile haikuhusu sana. Utavuka kwa feri. Mwenye miguu havuki kwa pesa, ila saa kumi na mbili unusu asubuhi utasukumwa pamoja na baiskeli, mikokoteni na madebe ya samaki, na feri moja ikiharibika bosi wako atakuwa ameshasikia kisingizio hicho. Ijaribu mwezi mzima kabla hujanunua hata tofali. Panga nyumba kwanza.

Na ukionyeshwa ploti katika lile shamba la Waitiki, ekari 930 ambazo serikali ilizinunua ili wakazi wasifukuzwe, kumbuka kwamba hati zilipotolewa Januari 2016 kila mmoja alitakiwa kulipa shilingi 182,000, na manung'uniko yakawa makubwa. Deni la ploti yako limefikia wapi? Upewe jibu kwa maandishi.

Nimepata kiwanja cha bei ya chini karibu na Owino Uhuru, Mikindani. Kiwanda kimefungwa miaka mingi, nyumba mpya zajengwa. Sifa mbaya si imekwisha?
*Baba Mtarajiwa, Changamwe*

Hapana, baba. Hili ni jina baya la aina nyingine. Kiwanda kile kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari kutoa madini ya risasi, kuanzia 2007 mpaka 2014. Watu wakaugua, watoto wakapimwa damu wakakutwa nayo, wengine wakafa. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaifuta, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Wakazi wale hawakupigania jina la mtaa, walipigania udongo.

Wezi huhama. Risasi haihami. Haina harufu, haiozi, hukaa katika tabaka la juu la mchanga, pale pale mtoto anapotambaa na kutia kidole mdomoni, na mtoto ndiye inayemdhuru zaidi, ubongo wake ukiwa bado wakua. Nawe wajiita Baba Mtarajiwa.

Simaanishi Mikindani nzima ina sumu. Chukua udongo pembe zote za kiwanja, na katikati, upeleke maabara inayopima madini. Muuzaji akikataa usichimbe, umeshapata majibu ya maabara bure. Na hata vipimo vikiwa safi, usichote mchanga wa jirani kujazia msingi.

Nilizaliwa Buxton ya zamani. Mama alikuwa mpangaji pale zaidi ya miaka 30, mpaka walipotolewa na nyumba zikabomolewa 2021. Sasa kaka yangu ataka kununua katika yale maghorofa mapya. Nahisi kama tunamsaliti mama, na majirani wa zamani wamesema hivyo. Halafu kuna wanaosema Buxton ni Buxton tu, hata ukipaka rangi.
*Mwana wa Buxton, sasa Bombolulu*

Hao wa mwisho waache. Buxton ya mwisho mwisho tuliijua: maji taka mlangoni, plasta yaanguka, na mlango wa choo ni gunia. Hilo lilikuwa jina la nyumba zisizofanyiwa ukarabati, na waliobebeshwa ni wapangaji.

Swali la kaka ni la karatasi. Pale palikuwa na nyumba kama 520 na mpango ulikuwa kujenga takriban 1,860, kwa hiyo majirani mtakuwa wengi juu kwa chini. Tangu Sheria ya Mali za Vitengo ya 2020, kila fleti yastahili hati yake, na wenye nyumba huunda shirika lao la kusimamia jengo. Aulize hati itatoka lini, lizi ya ardhi ni ya miaka mingapi, na ada ya huduma ni kiasi gani kwa mwezi, maana hiyo haishi mkopo ukiisha. Lifti ikikwama nani hulipa? Mama akija kukaa atapanda ghorofa ya ngapi?

La kumsaliti sina karatasi yake. Majirani waliosema hivyo wamepoteza kitu ambacho pesa za kuhamia hazikukirudisha, nawe usibishane nao. Ila naona kaka, wewe na majirani mmekwisha kusema, na aliyelipa kodi miaka 30 hajaulizwa.

Mpeleke. Mchana, jua likipoa, kwa tuktuk. Msimtangulie kumwonyesha jiko wala kabati. Mwacheni asimame aonyeshe kwa kidole mlango wake ulikuwa wapi, mwembe ulikuwa wapi, nani alikuwa akiuza mbaazi na mahamri asubuhi. Kisha niandikie alisema nini.