Boerboel wa kulinda paseli (kiwanja cha nyumba): pilipili na mnyororo viache

Ndugu, umesema una mtoto wa Boerboel, mbwa mkubwa wa ulinzi, wa miezi mitatu, kaingia kupitia Kasumbalesa mpakani na Zambia, na sentineli wako, yaani mlinzi wa geti, anakushauri umfunge mnyororo mchana kutwa na kumtilia pilipili kwenye chakula ili awe mkali. Mimi pia nilishauriwa hivyo kwa mbwa wangu wa kwanza, hapahapa Lubumbashi. Nikasikiliza.

Yule alikuwa chotara wa bullmastiff. Aliishi kwenye mnyororo chini ya mwembe, na watu aliowajua walikuwa wawili tu, mimi na sentineli. Alipofika mwaka na nusu, kila kilichopita mbele yake kilikuwa adui: ndoo, mwavuli, watoto wa shule. Nikawa najisifu kwa majirani. Jumamosi moja kiungo cha mnyororo kikakatika, na muuza makala (mkaa) anayetuletea gunia kila juma alikuwa ameshaingia na baiskeli yake. Akang'atwa paja. Tuliosha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, nikampeleka akadungwa sindano za kichaa cha mbwa, nikalipa kila kitu. Mpaka leo nikikutana naye njiani naona haya. Na wezi? Walikuwa wamekuja miezi miwili kabla, wakapitia nyuma ya nyumba ambako mnyororo haukufika, wakabeba betri ya gari. Mbwa alibweka, lakini nani angeamka? Alikuwa anabweka kila usiku.

Wa sasa ni Boerboel, ana miaka minne na kilo 62. Sijamfundisha kung'ata hata siku moja. Mbwa hawa walizalishwa na wakulima wa Afrika Kusini wakae shambani, walinde boma na familia. Bullmastiff naye, kule Uingereza katika karne ya 19, kazi yake ilikuwa kumwangusha mwizi wa wanyamapori na kumkandamiza chini mpaka mlinzi afike, bila kumrarua. Ulinzi anazaliwa nao. Wewe kazi yako ni kumtia breki.

Kwa miezi mitatu, muda wako ni mfupi. Mtoto wa mbwa huzoea dunia kirahisi mpaka karibu wiki ya 14 au 16. Kisichomfikia kabla ya hapo anaweza kukiogopa, na mbwa mkubwa mwenye woga ndiye anayeng'ata ovyo. Maadamu chanjo hazijakamilika, usimweke chini sokoni wala kwenye majalala, maana parvo, ugonjwa wa mbwa wa kuhara damu, inaua. Mbebe. Mimi nilikuwa nakaa naye kando ya avenyu, akiwa mapajani, anaangalia pikipiki, mama wenye mabeseni kichwani, wanafunzi, askari. Hakuna aliyelazimishwa kumshika.

Halafu geti. Hapo ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko popote. Nilitandika gunia hatua tano kutoka getini. Nikamfundisha kulala juu yake kwa vipande vya maini, kwanza paseli ikiwa tupu, kisha sentineli akigonga kutoka nje, kisha binamu yangu akipiga hodi na kuingia. Akiinuka, mlango unafungwa, tunaanza upya. Ilichukua miezi miwili hivi, na siku nyingine nilitaka kumrudisha alikotoka. Sasa mtu akipiga hodi, anabweka mara tatu nne, namwambia "tosha", anakwenda kwenye gunia na kumkodolea mgeni macho. Amini, mgeni mwenye nia mbaya haingii mara ya pili kuja kuhesabu madirisha yako.

Jambo moja dogo lililotusumbua: mimi nilikuwa nasema "lala", watoto "couché" kwa Kifaransa, mke wangu anampigia kelele kwa Kibemba. Mbwa akawa anatuangalia kama wajinga. Chagueni neno moja, liandikeni, sentineli naye alijue.

Kuhusu nyama yenye sumu inayorushwa juu ya ukuta, ambayo wengi mnaiogopa: anakula kwenye bakuli lake tu, baada ya kuambiwa. Nilimwomba jirani arushe vipande vya nyama safi upande wetu. Mbwa akiwa kwenye kamba, akiviacha anapata kitu kitamu zaidi kutoka mkononi mwangu. Alijifunza vizuri, lakini njaa ni njaa, siwezi kumwekea dhamana. Ndiyo maana usiku analala barazani, karibu na mlango, mbali na ukuta. Usiku mmoja umeme umekatika, nilisikia mngurumo mzito, si kubweka. Nikatoka na tochi nikamkuta amesimama katikati ya mlango, hakusogea. Juu ya ukuta kulikuwa na kandambili moja.

Mambo ya kumfundisha kushambulia mtu aliyevaa mkono wa kinga, achana nayo kwa sasa. Hayo yanataka mwalimu anayejua kazi, na mbwa aliyekomaa, miaka miwili hivi. Akifundishwa nusunusu ni hatari kwako kuliko kwa mwizi.

Chakula: bukari (ugali) peke yake haitoshi. Changanya na matumbo au samaki waliochemshwa, bila chumvi, na mifupa iliyopikwa usimpe. Usimwongezee dawa za kalisi (kalsiamu) ili akue haraka, zinaharibu mifupa ya mbwa wakubwa. Usimkimbize sana kabla ya mwaka na nusu. Kwa umri huu mgawie chakula mara tatu kwa siku, akishakua mara mbili, na apumzike baada ya kula. Ukiona tumbo limevimba, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, usisubiri asubuhi, mpeleke kwa veterinari saa ileile.

Chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa umri wake, ni sasa. Muulize veterinari tarehe ya kuirudia na uibandike mahali. Yangu ipo nyuma ya mlango wa jikoni, chini ya lile neno "lala".