Kabla Hujanunua Springi: Ushauri kwa Anayeanza Kushika Magari ya Spoti

Vijana wengi wanaoingia gereji kwa kuvutiwa na magari ya spoti huwa na jibu kabla hawajauliza swali. Mteja anakuja na Toyota Altezza, anasema, "Fundi, gari halina kona," yaani halishiki vizuri kwenye kona, na kijana tayari anataja springi fupi na koilova (springi na shokapu za pamoja zinazorekebishwa urefu). Naandika haya kwa ajili yenu mnaoanza kazi, na pia kwa mwenye gari aliyenunua la kwanza akakuta halifanani na sifa alizozisikia. Gari la kiwandani linalokatisha tamaa kwenye kona, mara nyingi halikubuniwa vibaya. Limeacha kuwa la kiwandani kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na kazi yenu ni kutafuta limeachia wapi.

Altezza ni darasa zuri kwa sababu zimejaa barabarani kwetu na kila mtu ana maoni juu yake. Toyota ilianza kuiuza mwaka 1998 na ikaacha 2005, kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa ni gari lililokula miaka. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na kila gurudumu kati ya manne limeshikwa na amu (mkono wa chuma) ya juu na amu ya chini. Mpangilio huo ukiwa mzima, tairi linakanyaga lami vizuri hata bodi ikilala. Lakini amu nyingi maana yake bushi nyingi, yaani mipira inayokaa pale amu inapofungwa, na kila bushi iliyochoka inaongeza ulegevu wake.

Msikilizeni mteja kwanza, tena kwa maswali. Tatizo linatokea anapoingia kona, akiwa katikati, au anapokanyaga mafuta kutoka? Ni pua inayokwenda nje na usukani hausaidii, au ni mkia unaotaka kupita mbele? Kona za kushoto na kulia ni sawa? Lami ikiwa laini gari linatulia, likikuta mabonde linarukaruka? Majibu haya yanakupa nusu ya kazi bila kushika spana. Pua inayokwenda nje kwenye kila kona nakwenda kuitafuta kwenye matairi ya mbele na alaimenti, yaani jinsi magurudumu yalivyoelekezwa. Gari linalokata kulia vizuri na kushoto vibaya lina kitu kisicholingana baina ya pande mbili. Linaloruka kwenye mabonde tu linanipeleka kwenye shokapu.

Halafu matairi. Soma kibandiko cha upepo kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kilopaskali. 220 ni kama psi 32. Pima asubuhi gari likiwa limelala, maana tairi la moto linadanganya. Wapo wanaojaza hadi 40 ili rimu zisipigwe na mashimo, kisha wanashangaa gari linateleza. Tofauti ya upepo kati ya mbele na nyuma nayo ni sehemu ya ubunifu wa gari. Chevrolet Corvair ya Marekani, iliyotoka kwa mwaka wa modeli wa 1960 ikiwa na injini nyuma, ilitakiwa kujazwa psi 15 tu mbele na 26 nyuma likiwa baridi. Dereva aliyejaza sawasawa kote kwa mazoea alikuwa amebadilisha tabia ya gari bila kugusa bolti hata moja, na mkia wake ulikuwa mwepesi sana kutoka.

Angalia pia umri wa tairi. Tarakimu nne zilizo mwishoni mwa msimbo wa DOT ubavuni, mathalani 2319, zinasema wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) ndefu na mpira umeshakuwa mgumu. Libonyeze kwa kucha, kama kucha haiachi alama, usitarajie lishike. Na soma lilivyoliwa. Kingo zote mbili zimeisha, lilikuwa likikosa upepo. Katikati pameisha, lilijazwa kupita kiasi. Ukipitisha kiganja ukaona upande mmoja linateleza na ukirudisha linakwaruza, tou, yaani jinsi ncha za mbele za matairi zinavyoelekeana au kuachana, imekosewa. Likiwa na mabonde mabonde kuzunguka, mara nyingi shokapu haishiki tena.

Sasa alaimenti, na hapa nina kinyongo cha kweli. Sehemu nyingi bado wanapima magurudumu ya mbele tu, wanarudisha usukani katikati, wanachukua hela. Kwa gari ambalo nyuma nako kila gurudumu linajitegemea, hiyo ni nusu ya kazi. Tou ya nyuma ndiyo inayoamua gari linafuata mstari gani. Gurudumu moja la nyuma likitazama nje kidogo, gari linatembea upande, dereva anashika usukani ukiwa umepinda ili tu kwenda moja kwa moja, na kona za upande mmoja zinakuwa nyepesi kuliko za upande wa pili. Altezza ina bolti za kurekebisha nyuma. Mara nyingi zimeshika kutu ndani ya bushi, na fundi wa mashine anaamua kuziacha. Usikubali. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, na daima omba karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, magurudumu yote manne.

Ila usipeleke gari kwenye mashine kabla hujakagua bushi na maungio, maana utapima kitu kinachocheza. Pandisha gari, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini unakupeleka kwenye boljointi (ungio la mviringo kati ya amu na gurudumu) au beringi. Wa kushoto na kulia, kwa magurudumu ya mbele, kwenye tairodi endi (ncha ya fimbo ya usukani). Bushi zinataka mtaimbo mfupi: chomeka kati ya amu na fremu, sukuma taratibu, tazama mpira. Ufa mdogo juu juu haunisumbui. Mpira ulioachana na chuma chake, huo unaliruhusu gurudumu kugeuka lenyewe linapobebeshwa mzigo. Ndiyo maana gari linaweza kupita kwenye mashine ya alaimenti na vipimo vizuri kabisa, halafu dereva akiachia mafuta katikati ya kona mkia unacheza.

Ukibadilisha bushi, kuna jambo moja nataka likae kichwani mwenu kuliko mengine yote. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na inafanya kazi kwa kujipinda. Ukikaza bolti gari likiwa limening'inia, umeifunga katika hali ya magurudumu yaliyoanguka. Ukilishusha, kila bushi inakuwa imeshapindwa kabla gari halijatembea hata mita moja: gari linakaa juu kidogo, linakuwa gumu, na mpira unachanika mapema. Kwa hiyo bolti zifike mkono tu, lishushe, au nyanyua amu kwa jeki hadi urefu wa kawaida wa gari, ndipo ukaze kwa nguvu iliyoandikwa. Mteja anayelalamika kwamba bushi mpya za bei hazidumu, muulize zilikazwa vipi kabla hujalaumu mpira.

Shokapu wengi huzipima kwa kubonyeza kona ya gari na kuhesabu inavyodunda. Kipimo hicho kinagundua iliyokufa kabisa. Iliyochoka nusu kinaipitisha. Mimi hutazama mafuta yaliyovuja, hali ya tairi, na mpira wa kizuizi ulio kwenye fimbo ya shokapu, ambao kwa umri huu mara nyingi umeshakuwa unga. Ukitaka kujua fimbo inatembea kiasi gani, inua jaketi la vumbi, funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye fimbo, isukume hadi chini, kisha endesha njia yako ya kawaida. Itakuonyesha fimbo iliingia mpaka wapi. Ikiwa imefika kwenye kizuizi kwa kona ya kawaida, umeshapata jibu: kizuizi kikiguswa, upande huo unakuwa mgumu ghafla na tairi linaachia. Springi fupi zilizofungwa na mwenye gari aliyetangulia huleta hali hiyo hiyo.

Kwetu tunacho na kinyume chake: spesa, yaani vipande vya kuinulia gari. Gari la chini linakwangua matuta, mtu anawekewa spesa juu ya springi, na matuta yanapitika kweli. Sibishani na anayeishi kwenye barabara mbovu. Lakini gurudumu sasa linakaa karibu na mwisho wake wa kushuka. Kwenye kona, gurudumu la ndani linatakiwa kushuka lifuate lami. Nafasi haipo, linakuwa jepesi au linanyanyuka. Kemba (mlalo wa gurudumu) na tou nazo zimehama. Kama spesa lazima zibaki, alaimenti ifanywe upya zikiwepo, na mteja aambiwe wazi kwamba amebadilishana kona na matuta.

Majaribio msiyafanye barabarani. Omba eneo wazi lenye lami, chora mduara wa kipenyo cha mita 30, zunguka ukiongeza mwendo taratibu. Matairi ya kawaida yataanza kulalamika karibu na kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao ukiteleza unasimama tu. Zunguka kulia, kisha kushoto, andika kila mara ni pua au mkia ulioachia kwanza.

Kila kitu kikiwa sawa na bado pua inakwenda nje kidogo, hapo umefika kwenye nia ya kiwanda. Watengenezaji huacha pua iachie kabla ya mkia kwa makusudi, kwa sababu dereva wa kawaida akiogopa huachia mafuta, na gari la namna hiyo linarudi kwenye mstari. Hapo ndipo mazungumzo ya kubadilisha vipuri yanaanza kuwa halali, na ya kwanza ni matairi. Toyota GT86 ilipotoka mwaka 2012 ilivishwa matairi ya 215/45R17 yasiyo na mshiko mkubwa, na ukibadilisha hayo tu unapata gari jingine. Baada ya matairi, stebilaiza (fimbo inayozuia bodi kulala kwenye kona) nene kidogo ya nyuma, ukijua kwamba unaupa mkia uhuru ambao mvua ikinyesha dereva ataulipia. Badilisha kitu kimoja, rudi kwenye mduara, andika, ndipo uguse kingine. Na kama umeweka bushi mpya, mwambie mteja arudi baada ya wiki mbili tatu za kuendesha: zikishakaa vizuri, tou ya nyuma huhama kidogo, na inapaswa kupimwa tena.