Aliona "Aliuza," Akatoa

SWALI: Salaam, Mwalimu. Binti yangu yuko darasa la tano hapa Arua, Uganda. Hesabu za tarakimu tupu anazimaliza upesi, ila za maneno zinampoteza. Juzi aliulizwa: "Muuzaji aliuza maembe 18, akabaki na 27. Mwanzoni alikuwa na mangapi?" Akajibu 9. Nifanyeje?

JIBU: Mama, kutoa anajua. Shida ni kwamba aliona "aliuza" akakimbilia kutoa. Watoto huwinda neno moja na kuiacha hadithi, na sisi walimu ndio tuliowazoesha. Mimi mwenyewe nilibandika orodha ya maneno hayo ukutani miaka mingi. Naona haya.

Weka kalamu kando. Tia maharage 45 kwenye bakuli, funika kwa kitambaa, usimwambie ni mangapi. Chota 18 mbele yake, kisha funua ahesabu: 27. Muulize, "Nikiyarudisha haya?" Atasema 45 kabla hujamaliza. Hapo ndipo umwandikie □ − 18 = 27; kisanduku ndicho bakuli lililofunikwa. Herufi kama x mahali pa kisanduku itakuja baadaye, isikusumbue.

Akizoea, mpeleke kwenye chapati: "Chapati 4 na chai ya shilingi 500, nimelipa 4,500. Chapati moja ni bei gani?" Aondoe chai kwanza, agawanye 4,000 kwa 4. Akipata 1,000, airudishe ndani ya hadithi aone kama hesabu inakubali.

Na swali likiwa la Kiingereza, kwanza akusimulie kwa Kilugbara au Kiswahili. Akishindwa kusimulia, tatizo si hesabu.