Usiisome promota kwa herufi peke yake: kwa mnaoanza kazi ya jeni za bakteria

Wengi mnaoingia maabara kufanya kazi ya jeni za bakteria mmejifunza udhibiti wa jeni kupitia operoni ya lac (kundi la jeni za kutumia sukari ya laktosi), kama Jacob na Monod walivyoieleza mwaka 1961: protini ya kizuizi imekalia opereta, kipande cha DNA kilicho karibu na promota (pale usomaji wa jeni unapoanzia), sukari inaingia, protini inaachia, jeni inasomwa. Maelezo hayo ni sahihi. Tatizo ni kwamba kwenye michoro mingi DNA ni mstari ulionyooka, na ukiizoea michoro hiyo, siku matokeo yakikataa kueleweka utaanza kusaka protini mpya wakati kilichobadilika ni umbo la DNA yenyewe.

Anza na vipimo. Kromosomu ya E. coli ina jozi za besi zipatazo milioni 4.6. Ukiinyoosha inafika kama milimita 1.5, na inaishi ndani ya seli yenye urefu wa mikromita 2 hivi. Haikushindiliwa tu humo ndani. Imesokotwa, tena kwa utaratibu. Chukua kamba ya katani, mwenzako ashike ncha moja wewe nyingine, kisha ulegeze msokoto wake bila yeye kuiachia ncha yake izunguke: kamba itaanza kujiviringisha yenyewe. DNA ya bakteria imelegezwa hivyo hivyo, kidogo chini ya hali yake ya kawaida ya mzunguko mmoja kwa kila jozi 10.5. Huo ndio msokoto hasi. Faida yake ni kwamba nyuzi mbili zilizolegezwa hufunguka kwa wepesi, na RNA polimerasi, kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA, haianzi kuandika mpaka izifungue nyuzi hizo kwenye eneo la −10 la promota (jozi kama 10 kabla ya mahali uandishi unapoanzia).

Anayelegeza ni kimeng'enya kiitwacho jirasi, ambacho Martin Gellert na wenzake walikitangaza mwaka 1976. Jirasi hutumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Anayepunguza ulegevu ukizidi ni topoisomerasi I. Kumbuka hilo la ATP, maana ndilo linalofungamanisha msokoto na hali ya seli: chakula kikiwa tele na nishati ipo, msokoto hasi unapanda, seli zikifikia ukomo wa kukua, unashuka. Jeni za jirasi zenyewe huandikwa zaidi pale DNA inapokuwa imepoteza msokoto, na jeni ya topoisomerasi I hufanya kinyume chake. Hakuna protini maalumu iliyotumwa kupeleka taarifa. Umbo la DNA ndilo taarifa. (Na ile siprofloksasini inayouzwa kila duka la dawa hulenga jirasi hiyo hiyo.)

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa kuchosha: andika kila kitu kuhusu ukuzaji wa bakteria wako. Ulichukua sampuli seli zikiwa katika hatua gani ya ukuaji, nyuzijoto ngapi, chumvi kiasi gani. Chumvi ikiongezeka ghafla, msokoto hasi huongezeka. Watu wawili wanaweza kupima promota moja, mmoja asubuhi mwingine jioni, wakabishana wiki nzima ilhali kila mmoja yuko sahihi kwa seli zake.

Joto lina kisa chake, nacho nakipenda kuliko vyote. Shigella, anayesababisha kuhara damu, hana haja ya kutengeneza silaha zake akiwa nje ya mwili kwenye maji ya baridi. Jeni ya virF, inayowasha nyingine, ina promota iliyopinda kwa asili. Chini ya nyuzijoto 32 hivi, mpindo huo huwezesha protini ya H-NS kushika sehemu mbili kwa pamoja na kuifunga promota. Joto likipanda kufikia la mwili wa binadamu, mpindo unalegea, H-NS inapoteza mshiko, jeni inafunguka. Kipimajoto ni DNA yenyewe. Ukiwakuza Shigella kwenye joto la chumba kisha ukaandika kwamba jeni haifanyi kazi, umepima joto la chumba chako. H-NS, kwa jumla, hupenda DNA yenye A na T nyingi na iliyopinda, na ndiyo maana mara nyingi huzinyamazisha jeni zilizoingia kutoka kwa bakteria wengine.

Jambo la pili: hesabu jozi kabla ya kukata na kuunga. Mwaka 1984 maabara ya Robert Schleif ilionyesha kwamba protini ya AraC huifunga operoni ya arabinozi kwa kushika sehemu mbili zilizoachana kwa jozi 210, DNA iliyo katikati ikifanya kitanzi. Walipoongeza nusu mzunguko katikati, ufungaji uliharibika. Walipoongeza mzunguko kamili, ulirudi, ingawa umbali sasa ni mkubwa zaidi. Kinachohesabika ni upande gani wa DNA sehemu ile inatazama. Hata operoni ya lac tuliyoanza nayo ina opereta tatu na hutumia vitanzi. Ukiziondoa zile mbili za pembeni, kizuizi kinadhoofika kwa zaidi ya mara 50. Kwa hiyo ukiingiza jozi 5 "zisizo na maana" ili tu upate mahali pa kukata kwa kimeng'enya, tegemea mabadiliko. Ukilazimika kuongeza, ongeza 10 au 11.

Ndani ya promota mambo ni makali zaidi. Kati ya −35 na −10 umbali unaofaa ni jozi 17. Promota ya jeni za kustahimili zebaki ina 19, hivyo sehemu hizo mbili hazielekeani vizuri. Protini iitwayo MerR hukaa hapo, na zebaki ikiingia, MerR haiondoki. Huisokotoa DNA kinyume kidogo mpaka −35 na −10 zikae sawa mbele ya polimerasi. Kizuizi na kichocheo ni protini ileile, mahali palepale. Anayeisoma promota hiyo kwa herufi tu ataiita mbovu.

Kuhusu plasmidi (DNA ndogo ya mviringo iliyo nje ya kromosomu): angalia jeni jirani inaelekea wapi. Liu na Wang walieleza mwaka 1987 kwamba polimerasi inayosonga huacha msokoto hasi nyuma yake na kusukuma msokoto chanya mbele. Jeni ya ukinzani wa dawa inayosomwa kwa nguvu inaweza kuipandisha au kuizima promota yako kwa mwelekeo wake tu. Igeuze, upime tena. Na ukiweza, hamishia kipimo kwenye kromosomu.

Usipime msokoto ndani ya DH5α, jamii ya E. coli ya maabara. Kila friji inayo, na kwa kuzalisha plasmidi haina mpinzani, lakini ina badiliko la gyrA96 kwenye jirasi. Tumia MG1655 au jamii inayofanana nayo. Novobiosini, dawa inayozuia jirasi, kwa kipimo kidogo kisichosimamisha ukuaji, itakuonyesha kama promota yako inajali msokoto, ila weka pembeni promota nyingine ya kulinganisha, kwa sababu dawa hiyo inagusa kromosomu nzima.

Na ukitaka kuuona msokoto kwa macho, endesha plasmidi kwenye jeli ya agarosi yenye klorokwini, ile ile iliyokuwa dawa ya malaria. Hujipenyeza kati ya besi na kuzitenganisha plasmidi zinazotofautiana kwa mzunguko mmoja mmoja, utaona ngazi badala ya mstari mmoja. Vuna seli haraka, kwani zikisubiri mezani msokoto unabadilika. Jeli iende polepole, usiku kucha kwa volti ndogo. Kabla ya kuitia ethidiamu bromaidi, rangi ya kuionyesha DNA, ioshe klorokwini yote itoke, vinginevyo mistari itafifia.