Nyota tano za makao ya wazee Marekani

Dada, umeniuliza kama nyota tano za jumla ambazo makao ya wazee yamepewa kwenye tovuti ya Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa kwa wazee) zinatosha kukuhakikishia mama atatunzwa vizuri. Hapana, hazitoshi. Zifungue uone zimetokana na nini. Kuna ukaguzi wa afya, idadi ya wafanyakazi, na vipimo vya ubora. Ukaguzi hufanywa na wakaguzi wa jimbo, na idadi ya wafanyakazi hutoka kwenye rekodi za mishahara, kwa hiyo si rahisi kuzipamba. Vipimo vya ubora ndivyo vya kutilia shaka, maana sehemu kubwa huripotiwa na makao yenyewe. Mahali penye nyota mbili za ukaguzi na tano za ubora, mimi ningepaepuka.

Tangu 2022 wanaonyesha pia wafanyakazi wa wikendi na wangapi huacha kazi kwa mwaka. Mimi ni msaidizi wa wauguzi, na hapo ndipo ninapoangalia kwanza. Nenda Jumamosi jioni, bila kuwapigia simu kabla. Tazama kama kengele ya kumwita muuguzi iko karibu na mkono wa mgonjwa au imeanguka nyuma ya kitanda, na kama maji ya kunywa anayafikia. Harufu ya dawa ya kusafishia pale mlangoni haikwambii chochote.

Ila nyota za ukaguzi hulinganishwa ndani ya jimbo moja tu, usizitumie kupima Texas na Minnesota. Na zile nyumba za "assisted living", yaani za wazee wanaohitaji msaada wa kila siku lakini si uuguzi wa muda wote, hazimo kabisa kwenye mfumo huo.