Barua kwa mwanangu: kwa nini tulifunga maduka kumzika Bwana Maji

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza, tena ukicheka, kwa nini Mpwapwa ilifunga maduka kwa ajili ya fundi bomba, na kwa nini mimi na magoti yangu haya nilitembea hadi makaburini kumzika mtu asiye ndugu yetu. Salio likakata kabla sijajibu, ndiyo maana naandika.

Huko Dar unafungua koki ukiwa nusu usingizini. Hapa mvua huanza Desemba, ikifika Aprili zimeaga, na miezi iliyobaki tunaishi kwa mgao. Bwana Maji (jina lake hasa wengi tulilisikia kwa mara ya kwanza likisomwa msibani) aliajiriwa enzi za ule mpango wa serikali wa 1971, ulioahidi kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji atachota maji ndani ya mita 400 kutoka kwake. Huo mwaka 1991 ulinikuta nashuka korongoni, ndoo kichwani na wewe mgongoni, kwenda kufukua mchanga. Ahadi nazijua. Yeye hakutuahidi kitu. Alikuja na baiskeli, spana mbili na kipande cha nondo.

Hiyo nondo ndiyo nataka uijue. Bomba likivuja chini kwa chini huoni kitu, udongo wetu unayanywa maji yote. Basi alikuwa anakuja usiku wa manane, mji umetulia, anasimika nondo ardhini, anategesha sikio kwenye ncha ya juu na kufumba macho. Anasogea hatua tatu, anasikiliza tena. Usiku mmoja nilimshikia taa, mbele ya nyumba ya bibi yako. Akaniambia, "Mama, njoo usikie." Nikasikia kama mtu anakaanga vitunguu mbali sana. Alfajiri wakachimba pale pale, wakakuta ufa mdogo kama kucha. Akauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, akakaza waya, akanywa chai yangu ya rangi, akaondoka.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali, mdomo wake mchafu, na siku ya harusi ya dada yako alikataa kutufungulia maji eti si zamu ya mtaa wetu. Nilimnunia kweli kweli, hadi niliposikia kwamba mwenye baa mmoja alimpelekea mbuzi ili afunguliwe usiku, na mbuzi akarudishwa na kamba yake. Hapo nikaacha kununa.

Alistaafu 2014, lakini vijana wa ofisini hawakuacha kumfuata nyumbani. Mabomba ya zamani yanapita wapi, yanakutana wapi, valvu gani imefukiwa chini ya kibanda cha nani, yote yalikuwa kichwani mwake.

Siku ya tatu baada ya mazishi, bomba lilipasuka karibu na soko. Vijana walichimba mashimo manne, yote makavu. Nikapita na kikapu changu, nikawaambia wajaribu kwenye ule mkwaju, maana pale nilimwona mara nyingi ameinamia nondo yake. Wakacheka, kama wewe ulivyocheka kwenye simu. Kisha mmoja wao akaenda kutafuta nondo.

Mama yako